Mbio za Chumvini na Ng'ombe wa Sultani

Hapo zamani, wakati miji ilipokuwa michache na kila mji ukijiona ndio kitovu cha dunia, palikuwa na mji uitwao Shumbwe, na Sultani wake aliitwa Hamadi bin Ngwali. Sultani huyu hakupenda vita wala ushairi, alipenda mbio. Basi kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, huamuru mzinga upigwe, na vijana wa kiume wakashindana kuuzunguka uwanja wa kasri mara ishirini, ngoma zikilia, zumari zikipulizwa, na wauza kahawa wakipenya katikati ya watu. Mshindi hupewa ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake, akabebwa mabegani mpaka kwao.

Mzinga huohuo ukilia, wanawake nao hukimbia. Ila wao hukimbilia Chumvini, nje ya mji, nyuma ya mashimo ya chumvi, mahali watengeneza ngozi wanapoanika ngozi zao, na upepo ukigeuka mtu hutamani angezaliwa bila pua. Mwendo wao ulikuwa sawa na wa wanaume, haukupungua hatua. Mshindi wao hupewa kitana cha mti.

Basi alikuwako msichana mmoja, Mize binti Pandu, mtoto wa mfinyanzi, aliyeshinda mbio hizo miaka minne mfululizo. Siku aliyopewa kitana cha nne hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Sultani, miguu ikingali na chumvi, akaamkia kwa adabu, kisha akasema:

"Bwana wangu, Mola akupe umri. Mimi nina kichwa kimoja na vitana vinne. Makungu, aliyeshinda uwanjani leo, ana ng'ombe wanne. Mwendo ni uleule na jua ni lilelile. Nimekuja kuuliza tofauti yetu imetokea wapi."

Watu barazani wakatazamana. Lakini Sultani hakukasirika, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuulizwa.

"Mwanangu," akajibu, "sikudharau. Ila ng'ombe hufuata macho. Makungu akikimbia mji mzima humtazama, wageni hutoka mbali, wachuuzi huuza, na jina langu hutajwa. Ninyi, nani huwatazama?"

Waziri wake, Shaali, aliyekuwa na jawabu kwa kila jambo hata lisiloulizwa, akafungua daftari. "Leo walitazamwa na watu kumi na mmoja, Bwana wangu. Na mbuzi."

"Mimi nilikuwa katika hao kumi na mmoja," ikasikika sauti mlangoni. "Mbuzi simjui."

Aliyesema alikuwa msuka mikeka mmoja, jirani wa kina Mize. Watu walimwita Mkwiji, kwa kejeli, kwa kuwa mkwiji ni mfuko wa fedha unaofungwa kiunoni, na yeye kiunoni mwake hapakuwa na kitu ila shuka. Wengine walisema ana akili pungufu. Kila siku alihudhuria baraza, si kwa sababu ya hukumu bali kwa sababu kahawa ya Sultani ilikuwa ya bure.

"Na wewe Mkwiji ulikwenda Chumvini kutafuta nini?" Sultani akauliza.

"Nilidhani kuna karamu, Bwana wangu. Nilipokuta mbio nikaona haya kuondoka, nikakaa, nikatazama. Ziliponoga nikasahau kuwa nina njaa. Nami, kama unavyojua, si mtu wa kusahau njaa."

Baraza likacheka. Sultani naye akatabasamu, akaona hapa pana mchezo.

"Vema. Wewe umesema zimenoga. Basi nakupa kazi. Mwakani, mshindi wa wanawake akitazamwa na watu wengi kuliko mshindi wa wanaume, atapewa ng'ombe. Lakini mbio zao zianzie Chumvini na ziishie Chumvini, saa ileile ya mzinga, mwendo uleule. Usipige ngoma, usitume mpiga mbiu, wala usimwambie mtu yeyote kwa kinywa chako aje kutazama. Ukishindwa, utachunga kuku wangu mwaka mzima, na kila yai litakalopungua utalitaga wewe."

Barazani pakawa na kicheko kikubwa. Mkwiji akakuna kichwa kama mtu aliyezidiwa, akasema, "Bwana wangu, mimi ni msahaulifu. Naomba maneno yako yaandikwe. Na watazamaji wahesabiwe saa ngapi? Maana watu huja na kuondoka."

"Wahesabiwe pale mshindi anapokata utepe," akasema Sultani. "Mtu asiyengoja mwisho wa mbio hakutazama kitu."

"Na huyo atakayetazamwa na wachache apewe nini?"

"Kitana!" akasema Waziri Shaali, akifurahia ukali wake. "Ng'ombe kwa mwenye macho mengi, kitana kwa mwenye macho machache. Ndiyo haki."

"Iandikwe," akasema Sultani. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri.

Nje ya kasri Mize alimkabili Mkwiji, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Ami, umeniponza! Nilikuja kuuliza swali moja, sasa nimekuwa kichekesho cha mji. Nani atatoka uwanjani kwenye zumari na kahawa aje kunusa ngozi?"

"Hatatoka mtu," akasema Mkwiji. "Kwanza nisaidie kupima."

Akatoa kamba ndefu ya ukili aliyoisuka mwenyewe, wakaanza kupima. Walipima uwanja wa kasri, wakazidisha mara ishirini. Kisha wakapima njia kuu itokayo Chumvini, ipitayo sokoni, iingiayo uwanjani kwa lango la mashariki, izungukayo uwanja mara moja na kutokea lango la magharibi, mpaka irudi Chumvini kwa kupinda kandoni mwa mji. Miendo ikalingana, ule wa njia ukazidi shibiri moja tu.

Mize akaitazama kamba ile kwa muda, halafu akamtazama Mkwiji. "Amesema tuanzie Chumvini na tuishie Chumvini."

"Ndivyo alivyosema."

"Hakusema tupite wapi."

"Mimi ni msahaulifu," akasema Mkwiji. "Lakini imeandikwa."

Mize akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kicheko kilipokwisha, hofu ikamwingia, kwa kuwa kukimbia mbele ya watu kumi na mmoja ni jambo moja, na kukimbia mbele ya mji mzima ni jambo jingine. Usipowasisimua watu huko, unachekwa na wote kwa pamoja. Na pia alikuwapo Riziki, binti wa wauza samaki, aliyekuwa wa pili miaka yote minne, kila mwaka akikaribia zaidi. Ikawa mwaka ule mzima Mize hukimbia alfajiri kabla ya kukanda udongo, na akipita kwa kina Riziki humkuta mwenzake amekwisha kutoka.

Siku ikafika. Uwanja wa kasri ukajaa pomoni. Sultani akaketi kitini pake chini ya mwavuli, Waziri kando yake, na karani mmoja akawekwa uwanjani na mwingine akapelekwa Chumvini kuhesabu macho. Mzinga ukalia.

Makungu akashika mbele tangu mzunguko wa kwanza, kama kawaida yake. Alikuwa na miguu mirefu, na hakuwa na wa kumkimbiza. Ilipofika mzunguko wa saba alikuwa peke yake, nyuma yake wenzake wametawanyika, na watu wakawa wanazungumza habari za bei ya mtama. Walimpenda Makungu, lakini walijua mwisho wake kabla ya mwanzo.

Mara kwenye lango la mashariki likaonekana vumbi, zikasikika kelele za sokoni. Wakaingia wanawake kumi na wanne, wamejifunga vibwebwe, jasho likiwatiririka, na mbele yao Mize na Riziki, bega kwa bega, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kidole.

"Ni nini hii?" akauliza Waziri, akisimama.

"Ni mbio," akasema Mkwiji, aliyekuwa ameketi chini karibu na birika la kahawa.

Wanawake wakashika ukingo wa uwanja. Watu wakaacha habari za mtama. Walipofika mbele ya kasri Riziki akajikwaa, akapiga goti chini. Watu wakapiga yowe. Akainuka, akakimbia na goti linavuja damu, na kabla ya lango la magharibi alikuwa amekwisha kumfikia Mize tena. Wakatoka nje ya lango, wakapotea.

Uwanja mzima ukabaki umegeuza shingo.

"Sasa nani atashinda?" akauliza muuza kahawa. Hakuna aliyejua. Muuza kahawa akamtazama Makungu, akalitazama lango, kisha akabeba birika lake, akaondoka mbio kwa njia ya mkato ya kwenye mashimo ya chokaa. Baada yake wakaondoka kumi, baada ya kumi mia, na baada ya mia haikuwezekana tena kuhesabu. Wapiga zumari wakaondoka wakiwa wanapuliza. Vijana wawili waliokuwa wakikimbia nyuma ya Makungu wakaacha mbio zao, wakafuata watu.

Sultani akawa anajivuta kitini. Alijitengeneza joho, akakohoa, akasema, "Nahisi joto hapa. Leteni punda wangu, nikapunge upepo."

"Upepo wa upande gani, Bwana wangu?" akauliza Waziri.

"Wa Chumvini," akasema Sultani, naye yuko juu ya punda.

Walipofika Chumvini, Mkwiji akiwafuata nyuma, watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia mpaka ndani ya mashimo ya chumvi, na hapana aliyekumbuka harufu. Mize na Riziki wakatokea kwenye kona. Hatua mia za mwisho hawakuwa wakikimbia kwa miguu tena, walikuwa wakikimbia kwa roho. Mji ukapiga kelele moja. Utepe ukakatika, na aliyeukata, kwa upana wa kiganja, alikuwa Riziki.

Mize akaanguka kwenye chumvi, akakaa pale, uso kwenye magoti. Mwaka mzima ulimpita mbele ya macho. Kisha akainuka, akachechemea mpaka kwa Riziki, akamshika mkono, akauinua juu ili watu waone.

Karani wa Chumvini akaja kwa Sultani. "Bwana wangu, nilihesabu mpaka elfu tatu, nikachoka."

Karani wa uwanjani naye akafika, amepanda punda wa kuazima, na nyuma yake Makungu, mwenye hasira na jasho. "Bwana wangu, Makungu alipokata utepe walikuwapo wanne. Mmoja alikuwa amelala, mmoja ni Mzee Ngwaru ambaye haoni, wa tatu alikuwa akimtafuta mbuzi wake. Wa nne ni mimi."

"Huu ni udanganyifu!" akapaaza sauti Waziri. "Mkwiji amewaita watu!"

"Sikumwita mtu," akasema Mkwiji. "Nilikuwa nikinywa kahawa mbele yako, na kinywa kilikuwa na kazi. Ngoma sikupiga. Mpiga mbiu sikutuma. Wameanzia Chumvini, wameishia Chumvini, na saa ni ya mzinga. Kama mwendo umepungua, kamba hii hapa, pimeni. Lililobaki ni lile neno lako, Waziri wangu, la haki."

Akakunjua karatasi yenye muhuri, akampa karani aisome, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Karani akasoma: ng'ombe kwa mwenye macho mengi, kitana kwa mwenye macho machache. Na kitana kilikuwapo, kimeletwa tangu asubuhi katika sinia ya shaba. Mkwiji akakichukua kwa mikono miwili, akamkabidhi Makungu kwa heshima kubwa.

Makungu akakitazama kitana kile kama mtu aliyepewa nyoka.

"Kitana?" akasema. "Nimezunguka mara ishirini! Nimekimbia mwendo uleule waliokimbia hawa, katika jua hilihili! Kosa langu liko wapi, kama watu wametazama kwingine?"

Sultani alimtazama Makungu, kisha akageuza macho taratibu mpaka kwa Mize, aliyesimama na chumvi magotini, na kila aliyekuwa barazani mwaka uliopita akajua anachokikumbuka.

"Mize," akasema Sultani, "umesikia swali la Makungu?"

"Nimelisikia, Bwana wangu. Nililiuliza mimi."

"Nami nilikujibu vibaya. Watu hawakuja kuwatazama kwa kuwa niliwaficha nyuma ya ngozi, kisha nikawalaumu kwa kutoonekana." Akacheka sasa, kwanza kidogo, halafu kwa tumbo lote, mpaka punda akasogea. "Na mimi mwenyewe nimetoka kitini pangu na kusingizia upepo! Riziki apewe ng'ombe na ndama wake. Makungu naye apewe ng'ombe na ndama, kwa kuwa miguu yake haikukosa. Kuanzia mwakani wote watakimbia uwanja mmoja, wanawake kwa zamu yao na wanaume kwa zamu yao, ngoma ileile na zawadi ileile. Na wewe, Mize, hukupata kitu leo. Huoni uchungu?"

"Naona uchungu mwingi," akasema Mize. "Lakini sikuja kukuomba ng'ombe wangu, Bwana wangu. Nilikuja kumwombea wa kwanza. Leo wa kwanza ni Riziki. Mwakani ajihadhari."

Watu wakashangilia, na Riziki akacheka huku akijifuta damu gotini.

"Na Mkwiji?" akauliza Sultani. "Sema utakacho."

Mkwiji akafikiri sana, watu wakangoja wasikie ataomba dhahabu ama nyumba.

"Bwana wangu, naomba ruhusa niende nikalale. Nimetazama mbio mbili leo, na za pili zimenichosha moyo."

Sultani akamruhusu, akamtumia nyumbani magunia matatu ya mtama na joho jipya. Na mwaka uliofuata, mbele ya mji mzima, Mize alimwacha Riziki kwa hatua tatu, akapata ng'ombe wake. Ng'ombe mkaidi kuliko wote wa Shumbwe, aliyempiga teke kila asubuhi, na kila asubuhi Mize akamkamua akiimba.

Yaliyonifikia ndiyo haya. Aliyeyasikia kwa namna nyingine, na aketi mahali pangu asimulie, mimi nimpishe.