Kihamisha wa Mji wa Ini

Paukwa!
— Pakawa!
Tumboni mna nini?
— Mna mji!

Basi hapo kale, katika mji wa Ini, ndani ya mwili wa Bi Mwanasiti, alikaa fundi mdogo asiyeonekana kwa macho, jina lake Kihamisha, mmoja wa maelfu wenye jina hilo. Kazi yake moja tu. Maharage yakiliwa, mgeni Alanini, kipande cha protini, huja na kilemba kichwani. Kihamisha humvua kilemba, akamvika mgeni wa pili. Aliyevuliwa huenda kupikwa awe sukari. Naye huimba:

"Vua huyu, vika yule,
nyumba yangu ile ile!"

Kisha balaa likauingia mji. Siku ya kwanza kuta zake zikatoka jasho. Siku ya pili zikapasuka. Siku ya tatu zikaanguka, Kihamisha akasombwa na mto wa Damu. Masikini, hajapata kutoka nje tangu azaliwe!

Akakutana na Chembe Nyekundu. "Mwenzangu, hapa wapi?"

"Usinizibie njia, nabeba hewa!"

Akafika kwa Mzee Moyo. "Shikamoo mzee, hapa wapi?"

"Marahaba. Mimi nasukuma tu, mwanangu. Niulize kusukuma."

Akafika kwa Bi Figo. "Bibi, hapa wapi?"

"Mimi nachuja mkojo. Wewe u mkojo?"

Kihamisha akajitazama. Hata hilo hakulijua tena.

Mara ikaja sindano ya tabibu, ikavuta damu, fyuu! Akajikuta chupani. Tabibu akamtilia Alanini na mgeni wa pili. Kihamisha haelewi kitu, lakini mikono ikaenda yenyewe: vua huyu, vika yule.

"Lo!" tabibu akasema. "Damu imejaa Kihamisha, maelfu kwa maelfu!"

Makame, mume wa Bi Mwanasiti, akaruka. Mkewe macho yalikuwa manjano, siku ya tatu hali chakula. "Kumbe ndiye anayemuua mke wangu! Mwageni huyo!"

"Taratibu, bwana. Huyu kabomokewa na nyumba, na nyumba yake ni ini; kuna kinacholibomoa. Bi Mwanasiti, ulikula nini?"

"Ugali tu, mwanangu. Mahindi yaliota ukungu, nikayaosha. Chakula hakitupwi."

"Hicho hutupwa! Sumu ya ukungu haitoki kwa maji."

Yakatupwa. Bi Mwanasiti akapona, mji wa Ini ukajengwa upya. Na Kihamisha? Alibaki chupani akivua na kuvika, akidhani yuko kwao. Hakujua kamwe kuwa ameuokoa mji.

Kwa hiyo, ukimwona mtu anatangatanga, usimwite mwizi. Uliza kwao kumeanguka nini.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, kuleni. Ikiwa imeota ukungu, msiioshe.