Kashata Nyekundu za Fisi

Hapo kale, wanangu, kale ile ambapo mawingu yalishuka kunywa maji mtoni pamoja na wanyama, palikuwa na kitongoji kiitwacho Pumzikoni. Jua likifika utosini, Usingizi wenyewe ulikuja kwa miguu yake, taratibu, ukabisha hodi nyumba kwa nyumba. Watoto walilala mikekani. Wazazi walikaa barazani wakisuka ukili na kuwalinda. Mimi huota nipo huko, na nikiamka nasikitika.

Basi akahamia Fisi. Akajenga jiko, akaanza kupika kashata. Kashata za wenzake zilikuwa nyeupe, zake nyekundu, zinang'aa hata kivulini. Kila asubuhi aliwagawia watoto bure, nao wakamwita Mjomba.

Tangu hapo Usingizi ulibisha hodi, haukufunguliwa. Watoto walirukaruka, vupu vupu, wakacheka bila sababu, wakalia bila sababu, wakang'atana masikio. Wazazi waliwakimbiza usiku kucha, na jua likifika utosini wakaanguka wao barazani, midomo wazi, koroo, koroo. Watoto wakabaki wakizurura peke yao.

Siku moja mtoto wa Digidigi hakurudi. Baada ya siku tatu, wa Kanga. Matangani Fisi alilia kuliko wafiwa.

Mzee Nyati, mkuu wa kitongoji, aliitisha baraza. Akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, mama zao wamewadekeza. Alisema hayo huku akitafuna kashata nyekundu. Kisha akalia. Kisha akapiga kigoda chake teke, wala hakujua kwa nini.

Bi Pelele, mnyama wa jamii ya pimbi, alimtazama anavyotafuna. Alikuwa mdogo, ukimtia kapuni nafasi inabaki, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kidawa. Aliogopa. Lakini alikuwa ameona jambo: Kidawa akila kashata alizopika mama yake, analala. Akila za Fisi, anapanda ukuta. Sukari ile ile, nazi ile ile. Kilichozidi ni ule wekundu.

Kesho yake akaenda kwa Fisi. Pumzikoni ilikuwa desturi mpishi aonje kwanza, ndiyo kutoa sumu, ndipo mgeni ale. Bi Pelele akamwomba aonje.

"Leo jino linaniuma, dada," akasema Fisi.

"Pole, kaka. Na jana?"

"Jana nilifunga."

Bi Pelele akacheka vizuri, akamsifu mapishi yake, akaomba amkunie nazi ili ajifunze. Fisi, sifa zikamlevya, akampa mbuzi ya kukunia akaenda kuchanja kuni. Ko, ko, ko, huko nje. Humo ndani Bi Pelele akashusha kibuyu cha unga mwekundu, akaumwaga wote chini ya majivu, akatia unga wa maua ya rosela aliyoyakausha na kuyatwanga nyumbani. Wekundu ulikuwa ule ule. Uchachu ungemfichua kwa mpishi mwingine, lakini si kwa huyu, maana hakuwahi kuonja.

Asubuhi watoto wakala kashata zao. Mzee Nyati naye akala zake, na kwa mara ya kwanza hakumkaripia mtu. Bi Pelele akapita kwa wazazi mmoja mmoja, akamnong'oneza kila mmoja kwamba leo jua likisimama wajilaze barazani wakorome, ila macho wasifumbe kabisa. Nyati akauliza sababu. Akaambiwa, "Mzee wangu, wewe koroma tu."

Jua likasimama. Mbali, njiani, Usingizi ukaonekana unakuja, umechoka kidogo, miguu imejaa vumbi. Ukabisha hodi. Safari hii ukakaribishwa. Watoto wakalala kweli, mmoja baada ya mwingine, na majani yakaacha kutikisika ili yasiwaamshe.

Barazani wazazi wakakoroma, Mzee Nyati, Digidigi na Kanga wakiwa kwenye baraza ya Bi Pelele. Koroo, koroo.

Fisi akaja na kapu, ananyata. Akatafuta watoto njiani, hakuna. Kisimani, hakuna. Akachungulia kwa Bi Pelele, akamkuta Kidawa mkekani, anatabasamu usingizini. Fisi akaudhika, akamtikisa bega.

"Amka wewe," akanong'ona. "Leo nimetia vijiko vitatu. Unalalaje?"

Mikoromo yote ikanyamaza kwa pamoja.

Mzee Nyati akainuka polepole, mlango wote ukajaa yeye. Digidigi akasimama kulia kwake, Kanga kushoto. Fisi akatazama dirisha, nalo lilikuwa dogo.

Bi Pelele akamfunika mwanawe shuka. "Tokeni naye nje," akasema. "Mtoto amelala."

Chakula kikipendeza macho, mtazame kwanza aliyekipika kama naye anakila.