Kanga na Njiwa Kichwani mwa Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Tuambie wewe!

Pakawa mama mmoja, na ndege wawili kichwani mwake.

Hapo kale, kale sana, Mwenyezi Mungu alimjalia kila mtu ndege wawili kichwani: Kanga na Njiwa. Mgongoni akapanga sisimizi, msafara mrefu toka kisogoni hadi vidoleni. Ndege akisema neno, sisimizi wa kwanza humgusa mwenzake mdomo kwa mdomo, naye humgusa mwenzake, mpaka neno lifike.

Kanga akiona hatari hupiga kelele, "Kimbia!" Hapo moyo hudunda, miguu hupata nguvu, tumbo huacha kusaga. Hatari ikiisha, Njiwa husema, "Imepita, tulia." Moyo hupoa, tumbo husaga tena.

Basi Siwatu alikuwa akiamia shamba la mpunga, kufukuza ndege wasile, na huku ananyonyesha. Watu wakamsifu kwa mbio zake. Kanga akavimba kichwa.

"Shoga, umechoka," akamwambia Njiwa. "Lala, zamu yako nitashika mimi."

Njiwa akalala fofofo.

Jani likaanguka. "Kimbia!" Siwatu akakimbia.

Jirani akapiga chafya. "Kimbia!" Siwatu akapanda mti.

Akaona kivuli chake mwenyewe. "Kimbia!" Siwatu akatumbukia jarubani, kwenye maji ya mpunga, tope mpaka masikioni.

Mumewe, Mbwana, akacheka sana. "Mke wangu, tulikuweka ufukuze ndege. Sasa ndege wanakufukuza wewe?"

Lakini kicheko kikamkauka. Chakula kilimkataa Siwatu, usingizi ukamkimbia, maziwa yakakatika. Mtoto akalia mpaka sauti ikafifia.

"Mama Kanga," sisimizi wakasema, "miguu imetuishia nguvu. Na mtoto huyu atakufa."

Kanga akamwamsha Njiwa huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, shoga. Nilitaka sifa zote ziwe zangu."

"Kumbe ulinilaza makusudi! Basi sasa nyamaza wewe!" Njiwa akaimba, tulia, tulia, tulia. Maziwa yakashuka, mtoto akanyonya. Siwatu akatabasamu. Akazidi kutabasamu.

Nguruwe mwitu akatokeza majanini, meno nje.

"Karibu, bwana," Siwatu akamwambia. "Umeamkaje?"

Kanga akamnong'oneza Njiwa. "Shoga, nimenyamaza kama ulivyotaka, lakini..."

"Sema, dada yangu, sema!" Njiwa akapaparika. "Nami nimekosa!"

"KIMBIA!"

Sisimizi wakagusana, gusa, gusa, gusa! Siwatu akamnyakua mtoto, akarukia dunguni, juu kwenye jukwaa la kuamia. Nguruwe akaligonga dungu, likayumba, lisianguke. Akaenda zake akiguna.

Kanga akafunga mdomo mwenyewe, akamsogezea mwenzake nafasi.

"Imepita," akasema Njiwa.

Na mtoto akalishika ziwa.

Basi ndugu zangu, aliyetupa hofu ndiye aliyetupa utulivu, na vyote viwili ni neema yake. Mwenye kuhimiza ajue kunyamaza, na mwenye kutuliza ajue kuamka. Tukinyimana zamu, anayeumia ni yule asiyejua hata ugomvi ulianzia wapi.

Ngano yangu imefika mlangoni. Utamu wake bebeni nyote, uchungu wake niachieni mimi.