Simu ya Mama Mkwe

Tindwa, mchekeshaji wa kitambi na kipara, alimwigiza sauti mtendaji wa kata kwenye kundi la WhatsApp, kata nzima ikacheka. Mtendaji, Mheshimiwa Ngwatu, akamwita ofisini.

“Fungua simu, iweke hapa mezani. Nikiikuta sauti ile, utalala mahabusu.”

“Simu ya mtu ni chumba chake cha kulala, mheshimiwa.”

“Basi leo nitaingia na viatu.”

Sauti ilikuwamo humo, wala haikufichwa. Tindwa akaifungua simu, akaomba kwenda msalani. Mheshimiwa hajagusa kitu, simu ikaita: Mama Mkwe. Akapokea.

“We kipara,” bibi kizee alifoka, “ulimwambia mwanangu una kazi, kumbe kazi yenyewe kula. Tumbo hilo utajifungua lini?”

“Mama, mimi ni mtendaji…”

“Mtendaji wa ubwabwa. Nisubiri hapo hapo ofisini, nakuja.”

Tindwa aliporudi, mheshimiwa alimsukumia simu. “Ondoka nayo kabla hajafika. Pole sana, ndugu yangu.”

Tindwa alishukuru, akatoka akikohoa ili sauti yake ya kiume irudi. Kitochi, simu yake ndogo ya pili, alichopigia kule msalani kilikuwa bado cha moto mfukoni. Na mke, kwa sura ile, hakuwahi kumpata.