Maiti wa Handaki la Kwadoda

Aliyekufa pichani hasakwi porini. Mmenisikia nikimwambia hivyo jirani yetu Kilango, mmecheka, kisha mmeniuliza maneno hayo nimeyaokota wapi. Sikuyaokota, niliyakuta. Methali hii ilianza hivi. Na mkae kimya, maana mtu akijikuna katikati ya hadithi hii ananyongwa.

Zamani, watu wa huku walipokuwa bado wanapigana kwa gobori, palikuwa na kijiji chenye boma la miti kiitwacho Kwadoda. Wageni kutoka ng'ambo walikuja na askari na mzinga mmoja, wakataka lango lifunguliwe. Halikufunguliwa. Mlinzi wa lango alikuwa Mhando, mtu mrefu mwenye kovu la makucha ya chui shavuni, na risasi yake ya kwanza ilimwangusha mshika bendera wao. Basi mzinga ukasema. Ilipofika saa nne asubuhi boma lilikuwa matundu matupu. Wanawake na watoto walikuwa wamekwisha kutorokea msituni kwa mlango wa nyuma, na wanaume ishirini na wawili walikuwa wamelala handakini, nje ya lango.

Kapteni wa wageni hakuridhika. Alisema, "Namtaka mwenye kovu. Akiwa hai, atanyongwa hapa hapa langoni. Asipoonekana leo, kesho tunamfuata kijiji kwa kijiji, na kila tutakachopita tutakitia moto."

Katika msafara ule alikuwamo Mgoa mmoja kutoka Unguja, jina lake Kaetano, mpiga picha za vita. Lakini vita vyenyewe hakuwahi kuvipiga hata siku moja. Kasha lake la picha lilitaka kila kitu kitulie. Anayekimbia hugeuka ukungu, au hatokei kabisa. Kwa hiyo alisubiri bunduki zinyamaze, kisha akawapiga wale wasioweza kumharibia kazi. Wakiwa wamelala vibaya, aliwapanga. Huyu anavutwa kwenye mwanga, yule anawekewa gobori kifuani, mwingine anageuzwa uso. Ndiyo ilikuwa desturi ya wapiga picha wa vita siku zile, na waliokuja kutazama picha hizo mjini walidhani ndivyo watu walivyoanguka.

Siku ile Kaetano alishuka handakini, akakunja mikono ya shati, akaanza kupanga. Aliwavuta watatu. Wa nne alikuwa chini ya mwenzake. Kaetano alipomshika kwapani alihisi joto. Akatazama uso, akaona kovu. Kisha jicho moja likafunguka kidogo, likamtazama.

Mhando alikuwa amepigwa risasi ya paja. Aliposhindwa kukimbia alijilaza chini ya wafu.

Kapteni alikuwa amesimama hatua sita juu yao, anavuta kiko. Kaetano akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia," Mhando akanong'ona. "Piga kelele, tumalize."

"Nikipiga kelele watakunyonga, nami nitaambiwa niipige picha. Nisipokuonyesha kabisa, kesho nabeba vioo vyangu vya picha katikati ya vijiji vinavyoungua. Nimechoka, ndugu yangu. Unaweza kufa kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Hesabu ya kumi na mbili. Nikiondoa kifuniko cha kasha usipumue, usimeze mate. Wenzako hawa watatoka safi kama mawe. Wewe ukitikisika uso wako utatoka na ukungu, na kapteni anajua maana ya ukungu."

"Macho niyafumbe?"

"Yafumbe. Hujafa kiasi cha kuyakodoa."

Kaetano akasimama, akaita, "Bwana Kapteni, mwenye kovu huyu hapa. Amekwisha." Akaenda kwenye hema lake la giza kupaka kioo dawa. Aliporudi, kioo kikiwa kingali kimelowa, alimkuta askari ameshuka handakini, na ncha ya singe imeelekea kifuani pa Mhando.

"Bwana, dawa ikikauka hakuna picha," akasema, "na hii ndiyo chupa ya mwisho. Huyu askari atanivurugia maiti wote."

Kapteni akatoa kiko mdomoni. "Vizuri. Kioo hakina huruma. Akitoka safi, amekufa. Akitoka na ukungu, singe ipo."

Askari akapanda. Mhando akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akabaki mtupu.

"Moja," Kaetano akahesabu. "Mbili."

Kwenye tatu siafu alipanda shingoni. Kwenye tano alikuwa juu ya kovu, na nyuma yake wenzake. Kwenye saba mmoja alisimama mlangoni mwa pua, akiulizana na nafsi yake kama aingie. Mhando alilisikia paja lake likipiga kama ngoma, akaona ajabu kwamba kapteni halisikii. Kwenye tisa siafu akauma mdomo.

"Kumi." Kaetano akaendelea. "Kumi na moja."

Hapo, watoto wangu, ndipo mtu anapojua namba moja iliyobaki ilivyo ndefu.

"Kumi na mbili." Akafunika jicho la kasha, akakitupa kitambaa cheusi cha kufunikia kasha juu ya uso wa Mhando. "Inzi wasimharibu, huenda tukarudia." Chini ya kitambaa, Mhando alivuta pumzi nyembamba kama uzi.

Ndani ya hema, Kaetano alikiosha kioo, akakishika mbele ya kitambaa kingine cheusi ili picha ionekane. Uso ukatokea, kovu na vyote, safi. Kapteni akainama. Kidole chake kikashuka polepole mpaka kwenye mkono wa kushoto wa maiti, kikasimama hapo. Vidole vya Mhando havikuwapo. Palikuwa na moshi tu. Uchungu wote alioukataza usoni ulikuwa umekimbilia mkononi.

"Vidole vimekwenda wapi?"

Kaetano hakujibu upesi, maana anayejibu upesi amejiandaa. Alikisogeza kioo machoni. "Siafu, Bwana. Wamejaa pale, na siafu hajafundishwa kutulia."

Kapteni aliutazama tena ule uso. Alikuwa amekwisha kupata alichokitaka.

"Fungeni mizigo," akasema. "Tunarudi pwani."

Jioni wanawake walirudi kuzika. Walihesabu maiti ishirini na moja, na mmoja anayeomba maji.

Miaka mitatu baadaye askari wawili walipita shambani kwa Mhando, wakamkuta anapalilia muhogo. Mmoja alikuwapo Kwadoda. Akasimama.

"Ndiye yule wa handakini," akamwambia mwenzake.

"Naona. Sasa nenda kamwambie kapteni kwamba maiti aliyemtundika ukutani, anayemwonyesha kila mgeni, analima muhogo. Mimi nitakusubiri hapa. Sina haraka ya viboko."

Yule wa kwanza akaitundika bunduki begani. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba," akasema Mhando. "Chukueni muhogo wa njiani."

Wakachukua, wakaenda zao. Nami nawaambia ninyi, watu wakikutangaza kuwa umekwisha, usihangaike kuwatikisia vidole. Waache watundike picha yao, wewe lima. Aliyekufa pichani hasakwi porini.