Tini za Thrasipo

Kinywa kinachotafuna hakicheki. Mmeisikia sasa hivi, na mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia mbali, Ugiriki ya kale, kwa bwana mmoja akiitwa Thrasipo.

Thrasipo alitunga michezo ya kuchekesha. Hakuwa na jina kubwa. Hata majirani walimwita "yule wa vichekesho". Kila sikukuu ya mungu wao wa mvinyo watunzi watatu walishindanishwa, na yeye kila mwaka alishika mkia. Mwaka ule mkuu wa mji akamwambia wazi, "Ukiwa wa mwisho tena, waimbaji sikupi." Na huko bila kundi la waimbaji hakuna mchezo.

Basi akatafuta hila. Ilikuwa kawaida kuwarushia watazamaji vitu vya kutafuna, kidogo tu, kuwachangamsha. Yeye akabeba magunia ya tini kavu na lozi.

Mkewe, Melita, akamtazama. "Umetunga mchezo au umefungua genge?"

"Mtu aliyeshiba hazomei, mke wangu."

"Kwani unataka wasizomee, au wacheke?"

Akaenda kuongeza gunia jingine.

Siku ikafika. Waimbaji wakaingia na masikio ya punda, wanamtafuta punda mwenzao awe mkuu wa mji. Tini zikamwagwa kama mvua. Punda mzee akatoa utani ambao Thrasipo aliuhangaikia mwaka mzima. Kimya. Akatoa wa pili. Kimya. Thrasipo akachungulia: uwanja mzima mashavu yanapanda na kushuka, na watu wanaombana lozi.

Mtu wa magunia akaja mbio. "Bwana, niongeze?"

"Uongeze nini? Yafunge. Yakalie kabisa."

Taya zikatulia moja moja. Ndipo punda mgombea akaahidi, "Mkinichagua, nitawapiga mateke wote sawasawa, tajiri kwa maskini." Mkuu wa mji, kule mbele, akacheka mpaka akajishika mbavu. Uwanja ukamfuata.

Thrasipo alikuwa wa pili. Mkuu akamwambia, "Mwakani njoo uchukue waimbaji. Magunia uyaache kwako."

Jioni, nyumbani, Melita alikuwa anamalizia tini zilizobaki. Thrasipo, furaha tele, akamwanzia utani wa mwakani. Mkewe akainua mkono.

"Ngoja nimeze kwanza."

Akangoja, tena bila kinyongo. Alishajua: kinywa kinachotafuna hakicheki.