Jaa Lililonukia Asumini

Sogeeni wajukuu, mcheke kabla chai haijapoa.

Diwani Makungu alikuja mtaani Kidutani akasema halmashauri imepata mahali pa kutupa taka za mji, na jaa litawekwa nyuma ya nyumba ya Bi Kazija, ubavuni mwa kisima cha mtaa. Bi Kazija, kungwi aliyewafunda maharusi wote wa mji ule, akaona kisima kinawafia hivi hivi.

"Litanuka, mwanangu."

"Linuke wapi, mama! Hizi taka za kisasa. Plastiki huku, maganda kule. Litanukia asumini!"

"Na inzi?"

"Hata mmoja!"

"Hebu apa mbele ya watu."

Diwani akaapa, mkono juu. Bi Kazija akapiga kigelegele, akacheza mpaka kanga ikamdondoka begani. "Tumekubali! Lileteni hata kesho!"

Majirani wakashika vichwa. Diwani akageuka kwenda zake, anachekelea.

"Ngoja, mwanangu. Binti yako Tufaha anaolewa wiki hii, na kungwi wake si mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na nyumba ya fungate huichagua kungwi. Basi maharusi watalala kwangu siku zote saba, chumba cha nyuma, dirisha linatazama jaa. Wakwe zako nakwenda kuwaambia sasa hivi."

Diwani akamkimbilia. "Mama! Yale machimbo ya mawe nje ya mji, mbona yako wazi? Jaa liende kule!"

"Si umeapa litanukia asumini?"

"Nilikuwa na mafua, mama!"

Haya, nyweni chai. Maji yake ni ya kisima kile kile.